Petro wa Darini na Peter Kinyozi: Kusali Siku za Kazi

(Mada hii ilitolewa kwenye semina ya viongozi wa jumuiya za usharika wetu, Jumamosi asubuhi. Mvua iliwazuia wengi, hasa wale wa ng'ambo ya bonde, kwa hiyo tunaiweka hapa yote kama ilivyosemwa.)

Bwana Yesu asifiwe! Mbona mnaitikia kama watu walionyeshewa? Bwana Yesu asifiwe tena! Haya, kaeni.

Mchungaji, wazee wenzangu wa kanisa, viongozi wa jumuiya, na ninyi vijana wa kwaya mliojibanza kule mlangoni kama watu wanaotafuta upenyo wa kutoroka, shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimepewa mada inayoitwa "Kukuza maisha ya sala". Nilipoipokea niliguna. Mada hii naisikia tangu nikiwa darasa la kipaimara, na kila mara mwisho wake ni uleule: mhubiri anatuambia tusali zaidi, tunasema amina, tunarudi nyumbani, tunasali kama jana. Kwa hiyo leo sitawaambia msali zaidi. Nitawasimulia habari za kinyozi.

Twendeni Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1535. Kuna kinyozi anaitwa Peter Beskendorf, na miongoni mwa wateja wake yumo Martin Luther, yule ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake. Kinyozi mnamjua. Mtu akishakaa kitini na kitambaa kimefungwa shingoni, hata awe profesa, yuko mikononi mwake. Huyu Peter akamwomba Luther amfundishe namna ya kusali.

Hebu fikirini. Luther wakati huo ni daktari wa theolojia. Mwaka mmoja tu nyuma, 1534, Biblia nzima ya Kijerumani imetoka mikononi mwake. Ana wafalme wa kujibizana nao, ana barua zimerundikana mezani. Angeweza kumwambia kinyozi, "Soma Neno, mtumaini Mungu," kisha akajifuta povu akaenda zake. Hakufanya hivyo. Alikaa akamwandikia kijitabu kizima, kikapigwa chapa, kikiwa kimeelekezwa kwa rafiki yake, Fundi Peter kinyozi. Swali la fundi lilipewa heshima ya kitabu. Nawaombeni viongozi wa jumuiya mlikumbuke hilo siku mama mmoja atakapowauliza swali ambalo mnaliona la kitoto.

Sasa, alimwambia nini?

Anaanza kwa kukiri kwamba hata yeye huona moyo umepoa, hana hamu ya kusali, kwa sababu ya kazi na mawazo mengi. Luther huyo! Kisha anaeleza anachokifanya hapo. Anachukua Zaburi zake, anakwenda chumbani, au kanisani ikiwa ni wakati watu wamekusanyika, anaanza kutamka kwa mdomo zile Amri Kumi, Ungamo la Imani, na maneno machache ya Paulo au ya Zaburi, kama watoto wanavyofanya. Hakungoja moyo upate moto ndipo afungue mdomo. Alifungua mdomo, moyo ukafuata nyuma.

Halafu anamwonya fundi wake. Sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku. Na ujihadhari, anasema, na mawazo yale ya uongo yanayokuambia: ngoja kidogo, nitasali baada ya saa moja, kwanza nimalize hili na lile. Maana ukishayasikiliza, shughuli zinakushika, na siku hiyo sala haipo tena.

Ngoja kidogo! Nani humu ndani hajaisikia sauti hiyo? Asubuhi: ngoja kidogo, nijibu kwanza hii meseji. Ngoja kidogo, uji utaungua. Ngoja kidogo, nikichelewa sasa hivi foleni ya Ubungo itanila saa mbili. Mchana: ngoja kidogo, bosi anapita. Jioni: ngoja kidogo, taarifa ya habari. Ngoja kidogo, tamthilia inaisha sasa hivi. Halafu usiku unapiga magoti kando ya kitanda, unasema "Baba yetu uliye mbinguni", unashtuka alfajiri shingo imekaza na sala bado iko mbinguni ilipoanzia. Mnacheka. Naona hata Mchungaji anacheka.

Niseme jambo ambalo pengine halitawapendeza wote. Tumefika mahali tunaipima sala kwa joto. Mkesha ukiwa na kelele tunasema "leo tumeomba". Sauti ikikauka na jasho likitoka tunasema "upako ulikuwepo". Mimi sina neno na mkesha, nimekesha sana na nitakesha tena Mungu akipenda. Lakini mkesha ni wa Ijumaa. Jumatatu je? Jumanne, umebanwa kwenye daladala, kiwiko cha mtu kiko ubavuni mwako, je? Mtu anatoka kwenye kongamano la siku tatu akiwa anawaka, ikifika Alhamisi anatafuta kongamano jingine. Na akikosa kongamano anaingia kwenye simu, anapokea sala iliyoandikwa "tuma kwa watu kumi upate muujiza kabla ya jua kuzama", naye anaituma! Wapendwa, ile siyo sala, ile ni kuchezewa.

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 10. Twende Yafa, kwa yule Simoni mtengenezaji wa ngozi, nyumba iko pwani. Kama umewahi kupita panapotengenezwa ngozi, unajua harufu yake. Petro amefikia hapo. Na Biblia inatuambia alipanda juu darini, yapata saa sita, ili aombe.

Saa sita! Hapa sisi tuna bahati. Wenzetu wa Ulaya wakisoma mstari huu inabidi wapige hesabu, maana saa yao haisomi hivyo. Sisi tunasoma moja kwa moja: saa sita ni adhuhuri, jua liko utosini. Na sura ya 3, Petro na Yohana wanakwea hekaluni saa ya kusali, saa tisa. Kornelio, yule akida wa Kirumi asiye Myahudi, naye anamwona malaika saa tisa. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yakielekea Yerusalemu, hata baada ya mfalme kutia sahihi katazo. Mwimbaji wa Zaburi ya 55 anasema jioni, asubuhi na adhuhuri. Watu hawa wote walikuwa na saa. Hawakusubiri wajisikie. Saa ilifika, wakasali.

Na sisi tunaishi humuhumu na watu wenye saa. Mwenye duka jirani yangu, Mwislamu, ikifika adhuhuri anavuta mlango, anaweka stuli mbele yake, mteja anajua kwamba mwenye duka yuko kwenye swala na atarudi. Sijawahi kusikia amefilisika kwa sababu hiyo. Majirani zetu Wakatoliki wana kengele yao ya Malaika wa Bwana asubuhi, saa sita na jioni. Na sisi Walutheri? Sisi tuna uhuru. Tunasema, "Mungu anasikia saa yoyote." Ni kweli, anasikia saa yoyote. Swali langu ni hili: hiyo saa yoyote yako ilikuwa lini wiki hii?

Lakini turudi darini, maana pale pana kitu kizuri zaidi. Petro yuko juu anasali, na Biblia inasema akaumwa na njaa sana, akataka kula. Chini wanaandaa chakula. Mnaiona picha? Mtume Petro, mwamba, anasali huku tumbo linanguruma na harufu ya mapishi inapanda ngazi. Wangapi hapa wamewahi kuhukumiwa na dhamiri kwa sababu katikati ya sala waliwaza ugali?

Na Mungu alifanya nini? Hakumkemea. Hakusema, "Petro, ukiwa umeshiba ndipo uje." Aliichukua njaa ileile akasema naye kwa hiyo: nguo kubwa ikashuka kutoka mbinguni imejaa wanyama, na sauti, "Ondoka, Petro, uchinje ule." Kutokana na maono yale ya mtu mwenye njaa, Petro akaenda nyumbani kwa Kornelio, na Injili ikavuka kwenda kwa mataifa. Mimi na wewe, Wangoni, Wachaga, Wasukuma, Wahaya, Wazaramo, tumeingia kwa mlango uliofunguliwa siku hiyo, saa sita mchana, wakati chakula kiko jikoni. Kwa hiyo mawazo yakikuvamia ukiwa unasali, ada ya shule, kodi ya nyumba, mtoto anayekohoa, usiyafukuze kama kuku walioingia sebuleni. Hayo ndiyo unayotakiwa kuyasema. Mwambie Mungu habari za ada.

Kuna wanaoniuliza, "Mwalimu, nisalie wapi? Bwana Yesu amesema ingia chumba chako cha ndani ufunge mlango. Mimi nimepanga chumba kimoja, tuko sita, na pazia ndiyo mlango." Ni swali la haki. Inasimuliwa kwamba Susanna Wesley, mama yao John na Charles Wesley, waanzilishi wa Umethodisti kule Uingereza, aliyezaa watoto 19 na karibu nusu yao wakafa wangali wachanga, alipotaka kusali alikuwa akijifunika aproni kichwani, na watoto wakajua mama hasemeshwi. Akina mama, ninyi mna khanga. Sihitaji kuongeza.

Sasa maneno. Hapa nitakaa kidogo.

Katika kijitabu kile Luther anasema kwamba mpaka siku ile alikuwa bado anainyonya Sala ya Bwana kama mtoto anyonyavyo, na kama mzee anaila na kuinywa, wala haishibi. Na anasema jambo jingine ambalo lilinichoma: kwamba Sala ya Bwana ni mfiadini mkubwa kuliko wote duniani, maana kila mtu anaitesa. Tunaitesa. Sikilizeni tunavyoisali Jumapili. "BabayetuuliyembinguniJinalakolitukuzwe", tunakimbizana nayo mpaka amina, atakayefika wa kwanza sijui anapewa nini. Bwana alituonya tusipayukepayuke, na sisi tumepata namna ya kupayuka kwa kutumia sala yake mwenyewe.

Luther anamfundisha Peter kuchukua kipande kimoja, kimoja tu, na kukizungusha mara nne. Kinanifundisha nini? Nishukuru kwa lipi? Niungame lipi? Niombe lipi? Na moyo ukishapata moto kwenye kipande kimoja, anasema, viache vingine vyote. Roho Mtakatifu akianza kuhubiri moyoni mwako, nyamaza umsikilize. Tena anamkumbusha kwa mfano wa kazi yake: kinyozi mzuri macho na akili viko kwenye wembe na nywele. Akipiga soga huku akichungulia kwingine, atamkata mteja pua, au koo.

Nilimfundisha njia hiyo mama mmoja wa jumuiya yetu. Jina namwachia mwenyewe. Anauza chapati na maharage karibu na stendi, anaamka saa kumi za usiku kukanda unga. Nikamwambia, mama, chukua "Utupe leo riziki yetu", usiongeze kitu, nenda nayo wiki nzima hapo kwenye unga. Akaenda. Wiki iliyofuata akaja amekunja uso.

Siku ya funzo alikumbuka Katekisimu Ndogo, kile kitabu cha mafundisho cha Luther, lile swali letu la "Maana yake nini?", na jibu tuliloimbishwa kipaimara: riziki ni chakula, mavazi, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mwenzi mwema, watoto wema, serikali njema, hali njema ya hewa, amani, afya, marafiki wazuri na majirani waaminifu. Akafurahi. Kwenye shukrani akamshukuru Mungu kwa gunia la unga na kwa miguu inayosimama. Akafurahi tena. Akafika kwenye ungamo. Majirani! Ng'ambo ya barabara, miezi michache nyuma, alikuja mama mwingine akafungua meza ya chapati. Na huyu wetu alikuwa anawaambia wateja, taratibu, kwa sauti ya kuwahurumia, "Mimi sisemi kitu, lakini yale mafuta ya pale si ya leo." Ikambidi aungame. Na kwenye ombi akajikuta hawezi kusema "riziki yangu", maana Bwana hakumpa maneno hayo. Akaomba unga uishe kwenye meza zote mbili.

Halafu akavuka barabara. Akaniambia, "Mwalimu, sala hii uliyonipa ni ya hatari. Inamwingiza mtu kwenye gharama."

Msidhani sasa wanauza kwenye meza moja. Hapana. Bado wanagombea wateja, na chapati za huyu wetu ni nzuri zaidi, hilo nalisema kama shahidi. Lakini habari ya mafuta imekoma. Na mvua ikianza, wanasaidiana kuvuta turubai.

Jambo jingine nalipitia haraka, kwa sababu mnalijua. Tuna neno letu, "nitakuombea". Mtu anasimulia msiba, tunasema nitakuombea. Mtu ana kesi, nitakuombea. Tunalisema kama tunavyosema "baadaye". Kuanzia leo, mtu akikuambia shida yake, mwombee palepale, kabla hamjaachana, sentensi mbili zinatosha. Kama ni kwenye simu, kwenye simu. Kama ni kituoni, kituoni. Tumemaliza.

Nilisema nitawasimulia habari za kinyozi, na sijamaliza. Kuna sehemu ambayo wahubiri wengi huiacha, na mimi nilifikiri kuiacha.

Mwaka uleule, 1535, katika siku za Pasaka, Peter Beskendorf alikuwa mezani na mkwewe, mume wa binti yake. Walikunywa. Mkwe, aliyekuwa amekaa jeshini, akajigamba kwamba yeye chuma hakimwingii. Na Peter, fundi Peter wetu, mwenye kijitabu, akachukua kisu akamchoma. Mkwe akafa.

Mmenyamaza.

Ndiyo. Mtu aliyefundishwa kusali na Luther mwenyewe. Wino wa kitabu chake haujakauka. Sasa mtu akisimama akauliza, "Mwalimu, sala ilimsaidia nini?", mimi nitamjibu nini? Sitamwambia kwamba hakusali vizuri. Ayubu alikuwa na marafiki wa kusema hivyo, na Mungu hakupendezwa nao. Nitamwonyesha Petro mwingine. Usiku ule wa mwisho Bwana alimwambia Simoni Petro, "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Aliyemwombea ni Yesu! Na kabla jogoo hajawika, Petro amekana mara tatu. Ombi lile halikumzuia Petro kuanguka. Bwana alijua ataanguka, ndiyo maana akasema "utakapoongoka". Petro wa darini, yule wa saa sita, ni Petro huyuhuyu wa uani aliyelia kwa uchungu.

Na kinyozi? Luther hakumkana. Yeye na wengine walimtetea, Peter akaponea kifo, akahukumiwa kufukuzwa mjini, mali yake ikapotea. Aliyeuawa hakurudi, na binti alikuwa mjane, hilo tusilifunike kwa maneno matamu. Lakini kijitabu kinasomwa mpaka leo, na jina la Peter kinyozi liko juu yake. Hawakulifuta.

Sisi tunafanyaje? Mtu wa jumuiya akianguka, binti akipata mimba, kijana akikamatwa, jina lake linapotea kwenye orodha ya zamu za ibada za nyumbani. Hakuna kikao kilichokaa kulifuta. Linapotea tu. Nyumba yake inarukwa. Tunasema "tumpe muda". Muda wa nini?

Naijua jumuiya moja, si ya usharika huu, mweka hazina alikula fedha za mfuko wa kufa na kuzikana. Zikaulizwa, hazipo. Jumamosi iliyofuata ratiba ikaonyesha ibada ni nyumbani kwake. Watu wakapigiana simu usiku: tunakwenda, hatuendi? Mzee mmoja akasema, "Zamu ni zamu." Basi wakaenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wachache, wamenuna. Mke wa yule bwana alikuwa amefagia uwanja na kuchemsha chai, vikombe vingi kuliko watu waliokuja. Wakaimba. Walipofika kwenye Sala ya Bwana, "utusamehe makosa yetu, kama sisi nasi tunavyowasamehe", nusu ya sauti zikakatika. Fedha amezirudisha kidogokidogo, nyingine bado anadaiwa, na daftari amepewa mtu mwingine, kama ilivyo busara. Ila zamu yake ipo.

Sasa kazi. Kila mmoja achague saa yake leo, kabla ya kutoka: saa moja, saa sita, saa tatu usiku, vyovyote. Wekeni kengele kwenye simu, simu hizo zinazotuibia muda zifanye kazi ya maana. Kipande kimoja cha Sala ya Bwana kwa wiki. Viongozi wa jumuiya, mkirudi fungueni orodha ya zamu ya mwaka juzi, mwangalie ni majina gani hayamo kwenye ya mwaka huu, na sababu yake.

Tusimame. Tutaisali Sala ya Bwana polepole, na tukifika "Utupe leo riziki yetu" tutanyamaza, kila mtu amtaje jirani mmoja kimoyomoyo, yule anayemkera. Nikisema "utusamehe" tuendelee pamoja. Baada ya hapo chai iko nyuma ya jengo la Sunday School, na chapati mnajua zimetoka kwa nani. Baba yetu uliye mbinguni...